Mikiwi ya Mama Isiyochanua

S.L.P. 88,
Garissa.
12 Septemba 1999

Mpendwa ndugu yangu Mustafe,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe, mkeo Saynab na Noordin wetu mdogo, na kwamba baridi ya Nyuzilandi haijawamaliza. Sisi tuko salama, alhamdulillahi. Joto ni lile lile na vumbi ni lile lile. Goti linamsumbua Mama akitoka shambani. Mimi siumwi, nina hasira tu, na nimeona heri niiandike kuliko kuimeza.

Picha za shamba la tajiri wako zimefika. Ile ya tunda lililokatwa, nyama yake njano kama kiini cha yai, Mama ameibandika ukutani karibu na kitanda. Kila mgeni lazima aione. Shangazi Osob alisema hilo ni embe lililoota manyoya, wakanuniana siku nzima.

Sasa tuje kwenye matunda yenyewe. Ulipotutumia mbegu zake, uliandika kwamba mifugo haina kesho, na kwamba Mama akipanda kiwi ya njano kando ya Tana atauza mpaka Nairobi kabla wengine hawajazinduka. Mtoto akiwa mbali maneno yake huwa matamu. Mama alimuuza yule mtamba wa ngamia aliyempa Noordin zawadi ya kufungwa kitovu alipozaliwa, akanunua mashine ya kuvuta maji. Unajua uzito wa jambo hilo, Mustafe. Ngamia wa kitovu ni mali ya mtoto, na uzao wake ndio kundi lake akiwa mkubwa. Nilimkataza. Akasema baba mtu ndiye anayetaka shamba, kwa hiyo mali ya mtoto haijauzwa, imehama tu kutoka zizini kwenda mtoni.

Mikiwi iliota, ikatambaa kwenye waya kwa fujo, majani mapana ya kupendeza. Tulingoja maua. Mwaka ukapita, na mwingine, hata ua moja hatukuliona.

Ndipo Mama akaikumbuka barua yako iliyosema kuna mikiwi dume na jike, na kwamba dume mmoja anatosha majike mengi. Alifurahi sana, maana hiyo ni kazi anayoijua. Akapita katikati ya mistari na fimbo yake kama anayekagua mbuzi. Yenye shina nene na papara ya kukua akaiita madume, akaing'oa yote, akabakiza mmoja kando ya uzio. Hakuna mfugaji anayelisha madume bure. Bado maua hayakuja.

Mwezi uliopita ulipopiga simu dukani kwa Abdow nilikueleza haya yote, nawe ukanijibu taratibu, kama mtu anayesoma bei ya sukari, kwamba bila majira ya baridi kali mmea huo hauchanui vizuri, na kwa joto la Garissa hautachanua kamwe. Tena dume na jike havijulikani mpaka maua yatoke. Tena hiyo njano yenu haikutokana na mbegu za kutupa tu ardhini: wataalamu walichanganya mimea miaka mingi, wakachagua mmoja, na sasa mnapandikiza vikonyo vyake juu ya mashina mengine. Yote hayo ulikuwa ukiyajua. Kisha ukaniambia, "Mama asijue, ataumia."

Ameshaumia, ndugu yangu. Anaamini aling'oa majike. Wewe unakumbuka watu walivyokuwa wakija kutoka Masalani awachagulie kondoo dume wa kubakiza. Wiki iliyopita walikuja, akawarudisha. Aliwaambia, "Jicho langu limekufa. Nimemaliza majike kwa mkono wangu." Nilikuwa namimina chai. Ilinibidi nitoke nje, maana nilijua ukweli na nilikuwa nimekaa kimya kwa ajili yako.

Sikai kimya tena, wala sikusemei. Rekodi kaseti, kwa sauti yako, umwambie kwamba hata asingegusa mche mmoja, shamba lile lisingezaa. Umwambie kosa ni lako. Usiniletee picha nyingine.

Yule ngamia amezaa mara mbili kwa mwenyewe mpya, majike matupu. Mama huenda kuwatazama.

Nisalimie Saynab sana. Shangazi Osob na mume wangu Rage wanakusalimu. Mola awalinde huko ugenini na awape riziki isiyo na majuto.

Mama naye anakusalimu. Amenituma nikuambie umpakate Noordin, umwambie bibi yake anamwomba msamaha kwa ngamia wake, kwa kuwa hakujua kuchagua. Nimeufikisha ujumbe kama nilivyotumwa. Mwambie mtoto, ukiweza.

Dada yako akupendaye hata leo,
Idman