Mashine ya Kukaa na Mashine ya Kutembea

Mpumudde, Jinja
Alhamisi, baada ya chai

Kwako Mama Simiyu,

Goti lako la kushoto linasemaje? Langu la kulia linakusalimu, na mimi mwenyewe nafuata nyuma yake. Nala, nalala, nakohoa kidogo kwa vumbi la mbao. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unasema "ee, ee" hata sijafungua mdomo, halafu Jumapili unaniuliza nilisema nini. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nataka nikupe habari ya kompyuta ya mjukuu wetu, maana najua umeshaliambia kanisa zima la Busiu kwamba nitakosea.

Si unajua yule injinia wa Mbale amempa Nekesa nafasi ya kuchora ramani za nyumba kuanzia Jumatatu, na kila mchoraji lazima aje na laptopu yake. Ya Nekesa imekufa. Akifika mikono mitupu, kiti anakikalia mwingine, na yeye anarudi kukuvunia mahindi na diploma yake. Wewe ulisema nyepesi, mtoto asije akavunjika mgongo. Mimi nikasema wewe unajua nini. Basi leo nikafunga karakana, nikavaa lile koti la harusi za watu, nikaenda mjini kwa Hajati Mariamu, muuza kompyuta niliyemtengenezea makabati ya duka.

Hajati akaniwekea mbili mezani. Moja nyembamba, ya watu wa ofisi, betri yake inashinda mchana kutwa. Ya pili nene, ya mainjinia. Ndani ina kifaa chake maalumu cha kubeba michoro mizito, na chaja yake ni tofali. Akasema hiyo nene ina nguvu za ng'ombe, ila bila umeme haimalizi asubuhi.

Nikafanya kama ninavyofanya na mbao. Nikazipima kwa mkono, moja moja. Nikazigonga na vidole, nikasikiliza. Nikafungua na kufunga bawaba. Wateja walicheka, waache wacheke. Mbao ya mvule ni nzito na itakuzika wewe. Ya paini ni nyepesi na wadudu wanaijua kwa jina. Nikasema nataka nzito.

Hajati akauliza kama sina kazi ya mtoto mwenyewe ya kuijaribia. Nikatoa ile flashi ya michoro yake, uliyonitumia umeifunga kwenye kitambaa pamoja na karanga. Akaichomeka kwenye nzito.

Mama Simiyu, mbona hukuniambia? Kwenye kioo kilifunguka chumba chetu cha Mbale, amekichora Nekesa. Kile cha kupanga, cha kabla ya Simiyu, kilichobomolewa hata Nekesa hajazaliwa. Hajati akasogeza kidole, nikaingia mlangoni. Dirisha linatazama mlima Wanale. Sigiri iko kizingitini, pale ulipokuwa ukipika huku moshi wote tunamtumia jirani. Hata msumari wa kutundikia suruali yangu moja upo. Na rafu ameichora imepinda! Hapo ni wewe. Nakwambia hata leo, rafu ilikuwa sawa, ukuta ndio ulipinda. Kumbe miaka yote hii unamsimulia mtoto, nami nikidhani umesahau kila kitu isipokuwa makosa yangu.

Nikamwambia Hajati anifungie hiyo hiyo. Hakuifunga.

"Mzee Wafula," akasema, "unamnunulia mjukuu au unajinunulia wewe?"

Nikatafuta kiti, nikakaa. Yule mama ana mdomo kama wako.

Nikampigia Nekesa, nikamwuliza swali la fundi: hiyo kazi utakaa au utatembea? Sisi tuna randa ndefu isiyoondoka kwenye benchi, na ile fupi ya mkobani. Anayekwenda kwa mteja na randa ndefu anafika amechoka, na kazi bado. Akaanza kuzunguka, eti babu yoyote tu, babu usijisumbue. Nikamwambia mimi si padre wa kubembelezwa, aseme ukweli. Ndipo akasema siku nne kwa wiki ni juu ya boda, kupima nyumba vijijini ambako hata nguzo za umeme hazijafika, na anachora pale pale mwenye nyumba akitazama. Michoro mizito wanaimalizia ofisini, kwenye mashine kubwa ya injinia.

"Basi wewe ni wa mkobani," nikamwambia.

"Babu, niliogopa kusema nyepesi. Ungesema nataka urembo."

Kweli, ningesema. Nikachukua nyepesi. Umeshinda, piga alama kwenye kalenda ya kanisa, siku hiyo hairudi.

Inakuja kesho pamoja na barua hii, kwa mkono wa mkwe wa Hajati anayeendesha taksi ya Mbale. Atamshushia Nekesa pale Busiu, Jumatatu imkute tayari.

Ila kabla sijalipa nilimwomba Hajati akifungue chumba chetu kwenye hiyo nyepesi. Akanionya kwamba itakwama. Ikakwama kweli. Kwanza zikaja kuta tupu. Tukaletewa chai. Dirisha likaja. Halafu kitanda, halafu tukangoja sana, halafu sigiri. Hajati akaniomba radhi, nikamwambia aache. Ile nzito ilinitupa ndani mara moja, chumba kimeshajaa vitu, nikawa kama mgeni. Hii ilikileta kama tulivyokipata sisi: mwezi huu kitanda, mwezi ule sigiri, na katikati tumekaa chini sakafuni tunachekana. Nekesa akikifungua, kaa naye, wala usimharakishe.

Msalimie kijana wetu Simiyu na mkewe, mchungaji wako anayeniombea bila kuombwa, na jirani aliyeazima jembe langu, mwambie bado namkumbuka.

Ni mimi, mpangaji mwenzako,
Baba Simiyu