Gari Linalotushusha Mlimani

Nkololo, Julai 1996

Mwangaluka, kaka Mayige,

Hiki kigari ulichotuletea kutoka Dar kweli kinakunywa mafuta kidogo. Nakubali, usinikumbushe tena. Ila ulisahau kwamba dereva ni baba. Baba hawezi kumpita mtu njiani bila kumsalimia, na akishamsalimia, anampakia. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba waruhusiwe, kila mtu ana gunia la kupeleka Bariadi.

Basi tukifika mlimani kigari kinagoma. Tunashuka wote, baba anapanda nacho peke yake, halafu anatusubiri kule juu huku anapiga honi kama vile sisi ndio wavivu. Nimechoka, kaka. Mama ndiye alikuwa anacheka tu, anatutangulia kwa miguu na kufika kabla ya gari.

Jumatatu tulimpeleka mama hospitali. Safari hiyo baba aliwapita watu wote bila salamu. Kigari kilipanda mlima vizuri, hakuna aliyeshuka. Mama hakucheka, wala hakuuliza tumefika wapi.

Vipuri usitume. Njoo mwenyewe.

Mdogo wako,
Nyanjige