Ngeli ya Kitana-bahari

Jumatatu, 12 Mei

Chakula cha mchana, ngazi za maabara, peke yangu tena. Githeri. Nilikula polepole ili kengele inikute bado nina kitu cha kufanya.

Achieng wa darasa letu alipita na wenzake. "Niaje, Ngeli!" Hilo ndilo jina langu tangu muhula uliopita, kwa sababu mtu akisema "kalamu zangu imepotea" mimi humrekebisha. Sikusudii ubaya. Mama ni mwalimu wa Kiswahili na ndivyo alivyonilea: kosa likisikika, linasahihishwa. Sasa amehamishiwa Mumias. Mimi na Baba tumebaki Uthiru, na Baba hasahihishiki.

Mwalimu Nekesa ametoa kazi ya Kiswahili. Kueleza mnyama mmoja wa baharini mbele ya darasa, Ijumaa ya wiki ijayo. Wawili wawili. "Asiye na mwenzake atakaa asikilize," alisema.

Nataka sana kusimama pale mbele. Sijawahi kutaka jambo hivi.

Jumanne, 13 Mei

Wengi wamechukua pweza na papa. Wawili wamechukua jongoo-bahari kwa sababu akishtuliwa hutapika matumbo yake. Mimi nimepata changu katika kitabu cha maktaba ambacho kurasa zake zimelegea. Jina la Kiswahili sikulipata, nimeliunda: kitana-bahari. Kina mwili kama maji yaliyosimama. Si konyeza, hakiwashi. Kina safu nane za vinyweleo vilivyoshikana kama meno ya kitana, na huogelea kwa kuvipiga. Mwanga ukivigusa, rangi za upinde wa mvua zinatiririka mwilini. Kuna vinavyoishi chini sana, kwenye giza tupu.

Sijawahi kuiona bahari.

Nimeomba watu watatu. Wote wana wenzao. Achieng alisema, "Zii! Wewe utanirekebisha hata nikipiga chafya." Walicheka. Nami nikacheka, nikachelewa kidogo.

Alhamisi, 15 Mei

Jasleen amerudi. Alikuwa na homa ya matumbo, wiki mbili hakuonekana. Anakaa Spring Valley. Baba yake ana duka la mabati na misumari mjini. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya kupitishiana kifutio.

"Uko na mtu?" aliniuliza.

Nikasema sina.

"Basi uko na mimi."

Nimeandika hayo mara moja. Nimeyasoma mara nne.

Ijumaa, 16 Mei

Maktaba, sisi wawili. Jasleen huwa na kitana kidogo cha mbao ndani ya nywele zake. Ni cha dini yao, yuko nacho siku zote. Alicheka kwamba nimemletea kingine.

Nilimsomea kwamba vitana-bahari viwili vilivyojeruhiwa, vikiwekwa karibu, vinaweza kuungana vikawa kimoja. Ukigusa upande huu, na ule unashtuka.

"Haki? Sasa wakikosana wanaenda wapi?"

Nilimpa daftari langu la kazi hii akasome nyumbani. Leo sikuzitazama ngazi za maabara hata kidogo.

Jumapili, 18 Mei

Mama alipiga simu. Mtandao ulikatika mara mbili. Nilimwambia nina mwenzangu wa kazi. Aliuliza kama anazungumza Kiswahili sanifu. Nikasema nitamsaidia.

Baba yuko mtaa wa Karen, kuna nyumba ya mtu wanaimalizia kupaka lipu. Nimepika, nimekula, nimeosha sahani moja.

Jumatatu, 19 Mei

Mazoezi baada ya masomo. Achieng na wenzake walikuwa wakifagia darasa.

Jasleen alisema, "Mdomo yake iko chini." Nikasema, "Mdomo wake uko." Akasema, "Mwili yake iko na rangi." Nikasema, "Mwili wake una." Sentensi ya tatu sikumwacha aimalize.

Kutoka nyuma: "Ngeli yuko kazini! Mpeeni filimbi!" Kicheko, mafagio yakagongwa sakafuni.

Jasleen alifunga begi lake. Hakupaza sauti. "Mimi huongea lugha nne. Ni hii tu watu hunicheka. Sasa na wewe." Akaondoka.

Nilikuwa sahihi kila mara. Nimekaa na hilo tangu saa kumi na moja. Halisaidii.

Jumanne, 20 Mei

Jasleen hakunitazama kutwa. Nilimwendea Mwalimu Nekesa. Akasema sheria ni ile ile, nikiwa peke yangu nitasikiliza. Kisha akauliza, kwa upole, "Nafula, mchana huwa unakula na nani?" Nilisema ninaitwa mahali, nikatoka. Uongo.

Nimemwandikia Jasleen barua ya kuomba msamaha. Ina utangulizi, mwili na hitimisho. Nimeichana.

Jumatano, 21 Mei

Jasleen ameweka daftari langu juu ya dawati akaenda zake. Nikalifungua. Penseli. Kila "kina", kila "hakiwashi", kila "chake", amelizungushia duara. Maduara arobaini na moja. Chini ameandika: "Kitana ni hii yangu ya nywele. Hiyo yako inakula na inazaa. Si ni mnyama? Mbona hukusema anaelea, kama kiboko?"

Masikio yaliniwaka moto.

Kiboko anaogelea. Kifaru anakimbia. Kipepeo anaruka. Hayo nilifunzwa nikiwa darasa la pili. Kila mwenye uhai hukaa katika ngeli moja na watu, hata jina lake likianza na ki-. Mimi nilimweka pamoja na viti na vikombe, zaidi ya wiki nzima, huku nikichunga midomo ya wengine.

Angeweza kuyasoma kwa sauti mbele ya Achieng. Alitumia penseli.

Nilimfuata hadi kwenye mfereji. "Pole. Nilikuaibisha." Maneno mawili, bila hitimisho. Aliendelea kujaza chupa yake mpaka ikafurika.

"Ijumaa ukinikatiza hata mara moja, mimi naketi."

Nikasema sawa.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeandika yote upya. Anaelea. Anawinda. Hana ubongo, ana nyavu za neva. Nilijisomea jikoni, sufuria ikichemka. "Kiko peke yake gizani" ni jambo la kawaida, kama kiti kilichosahauliwa stoo. "Yuko peke yake gizani" ni jambo lingine. Nililia kidogo. Sijui kwa nini. Ninajua.

Ijumaa, 23 Mei

Tulikuwa wa tisa. Nilianza mimi, nikaenda vizuri. Jasleen akaingia: "Mdomo yake iko chini, na tumbo yake unaiona kwa nje."

Darasa zima liligeuka. Hawakumtazama yeye, walinitazama mimi. Achieng aliinua mkono juu kama refa. Mwalimu Nekesa alishika kalamu juu ya karatasi. Jasleen akasita, akakitupia jicho kiti chake.

Zamu yangu. Nilikuwa nimeandika, "Mdomo wake hupanuka." Nimeisema hiyo mara thelathini jikoni.

Nikasema, "Na kuna wengine, hiyo mdomo yao inafunguka mpaka inameza mwenzao mzima."

Kisha mtu akasema, "Wueh!" Wakacheka, ila safari hii walimcheka aliyemezwa. Mkono wa Achieng ulishuka. Jasleen aliendelea hadi sentensi ya mwisho. Hakuketi.

Tumepunguziwa alama za lugha, sote wawili. Kando ya jina langu Mwalimu ameandika, "Nafula? Ngeli!" Amepiga mistari miwili chini yake. Najihisi vibaya kuhusu mistari hiyo. Ningesema vile vile tena.

Jumapili, 25 Mei

Mama aliuliza alama. Nikamtajia.

"Makosa gani?"

"Ngeli."

Nilidhani mtandao umekatika tena. Kisha akauliza, "Za mwenzako?"

"Zangu."

Akauliza kama Baba anakula vizuri. Nilitaka kumweleza. Sikujua pa kuanzia. Nina hamu naye sana.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua tangu asubuhi. Shule nzima ilikula barazani, mabega kwa mabega. Nilisimama kwenye nguzo ya mwisho na sahani yangu. Achieng alikuwa mbali na kundi lake, hakuniita kwa jina lolote.

Jasleen alikuja akasimama upande wa pili wa nguzo ile ile, na mkebe wa chapati na dengu. Sidhani kama tumekuwa marafiki. Alitazama mvua, mimi nikatazama mvua.

Baadaye akatazama chini. "Kiatu yako imefunguka."

Nikaangalia. Kweli.

Alinishikia sahani, nikainama nikafunga kamba.