Mbegu za Msafiri Zilizopanda Juu

Sumbawanga, Jumamosi, Septemba.

Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nimerudi nyumbani nanuka ng'ombe na bado sijaoga. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Si huzuni. Sijui niite nini.

Kazi yangu ni kuwapandikiza ng'ombe mbegu. Mwezi wa sita alinifuata kazini Mama Kulwa, mjane ambaye familia yake ilihamia huku kutoka Shinyanga, wakiswaga ng'ombe wao kwa miguu. Dume wake, Msafiri, alizaliwa njiani katika safari ile, na marehemu mumewe akambeba begani mpaka walipofika huku Ufipa. Sasa dume huyo alikuwa amezeeka. Alipanda majike, lakini hawakushika mimba. Watoto wa Mama Kulwa walishaamua auzwe mnadani, awe nyama.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie ndama mmoja wa Msafiri. Mmoja tu, halafu wamchukue."

Tulingoja mpaka mtamba wake mmoja alipoingia joto na kutaka dume, nikaenda. Msafiri alipanda mara moja, kwa taabu, nikazikinga mbegu zake kwenye chupa. Juni huku kwetu baridi inakata, na baridi huziua mbegu upesi. Nikaitia chupa kifuani, ndani ya sweta, nikapanda bodaboda kwenda maabara, nimejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Mama Kulwa alinifuata kwa bodaboda nyingine. Alikataa katakata kubaki.

Kwenye darubini nikakata tamaa. Karibu zote zilikuwa zimekufa, na zilizo hai nyingi zilizunguka palepale. Deo, mwenzangu wa maabara, alichungulia.

"Dada, hapa hamna kitu. Mwambie mama ukweli."

Lakini ipo njia ya kuzichagua. Unatia kimiminika safi, chenye joto la mwili, kwenye kichupa. Halafu unaziingiza mbegu chini yake, taratibu, bila kuvuruga. Unakiinamisha kichupa kidogo, unasubiri. Zilizokufa na zilizochoka hubaki chini. Zenye nguvu hupanda zenyewe.

Nilisubiri bila imani. Nikachota pale juu kabisa, nikaweka tone kwenye kioo.

Zilikuwepo.

Chache, lakini zinakwenda! Zinanyoosha mbele, mikia inachapa, utadhani zimeitwa. Katika mwili ule mchovu, uliokwisha kuhesabiwa nyama, hizi zilikuwa bado na safari.

Nikamwita Mama Kulwa atazame. Alifumba jicho moja, akainama kwenye darubini.

"Nani anazionyesha njia?" akauliza.

Deo akanitazama. Mambo haya nimeyasomea chuoni, nikayafanyia mtihani nikafaulu. Nikainama tena kwenye darubini, nikazitazama upya.

Siku ileile tulirudi kwake, nikampandikiza mtamba. Sikuahidi chochote, maana kwa kawaida huwa tunatumia mbegu nyingi kuliko zile. Mtamba akatengwa, asikaribiwe na dume mwingine.

Msafiri alifia zizini majuma machache baadaye. Mnadani hakufika.

Leo nimekwenda kumpima mimba. Mama Kulwa alimshika mtamba pembe, mimi nikavaa glavu ndefu, nikaingiza mkono. Mwanzo sikugusa kitu. Nikatulia. Nikasogeza vidole kidogo.

Kitu kikaelea, kikanigonga vidoleni, kikarudi kilikotoka.

"Yupo, mama."

Aliziachia pembe. Akakaa chini, palepale kwenye vumbi na samadi, akacheka huku machozi yanamtoka. Nami nikaanza kulia, mkono bado uko ndani ya ng'ombe. Mtamba alitugeukia kama anayetushangaa.

Nikajikaza, nikaanza kumweleza kwamba bado ni mapema kujua kama ni dume au jike. Akanikatisha.

"Usiniambie hata ukijua, mwanangu. Acha ningoje."

Nimepima ng'ombe wengi, na nitapima wengine wengi. Jumatatu natakiwa kijijini Kate, na huko nitasema "anayo" au "hana," nivue glavu, niende zizi linalofuata. Nilipompigia Deo kumpa habari alifurahi sana, akaniambia, "Utazoea, dada. Kazi ndiyo hiyo."

Labda. Lakini usiku huu, nikipiga magoti, nitaomba jambo moja tu.

Nisizoee.