Ng'ombe Wasiotoka Mbulu

Somanda, Bariadi,
Julai 2024.

Mdogo wangu Marcelo,

Niwie radhi kwa kunyamaza tangu mavuno ya mwaka jana. Sikuwa mgonjwa; nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kuliandika nusu. Natumaini wewe, shemeji Maximiliana na watoto hamjambo huko Mpanda, na kwamba mguu wako umepona. Sisi tu wazima. Mvua haikutosha, lakini mtama tumepata.

Unajua kwamba binti yangu Kabula aliposwa na Tluway, mwalimu mwenzake kutoka Mbulu. Wazee wa ukoo walimkataa. Ndugu yetu Mayunga alisema hawezi kupokea ng'ombe wa watu ambao hata salamu yao haielewi, na kwamba sisi na watu wa milimani hatujawahi kuchangia hata mbu. Wazee walicheka. Mimi, mkuu wa ukoo, sikucheka, lakini sikumpinga.

Baadaye walifika watafiti, wakachukua mate ya wanaume wa huku tambarare na wa milima ya Mbulu. Kiongozi wao, binti aitwaye Domitila, alinieleza kwamba kuna urithi katika mwili ambao baba humpa mwana wa kiume tu, bila kuchanganyika na wa mama. Walitaka kujua kama urithi huo hufuata lugha au hufuata ardhi. Alisema kwamba milimani wanaume huweza kukaa bonde moja vizazi vingi huku lugha ikibadilika, ilhali tambarare mtu huhama na mifugo yake, akaishia kusema lugha ya alikofikia. Nilitoa mate yangu bila wasiwasi.

Majibu yalionyesha kwamba mstari wangu wa baba haufanani na wa majirani zetu waliopimwa. Unafanana na wa wanaume wa Mbulu, na Tluway, aliyepimwa kwao, ni mmojawapo. Domitila alisisitiza kwamba baba tunayemchangia huenda aliishi kabla ukoo wowote haujapata jina.

Niliwaeleza wazee, nikidhani mlango utafunguka. Mayunga aliniuliza kama mimi na yeye hatutoki kwa Bujiku wa Mwamanyili, mwanzilishi wa ukoo wetu. Nilikiri kwamba tunatoka kwake. Akasema basi ukoo mzima ni wa Mbulu, Tluway ni ndugu yetu, na mtu haoi kwao. Nilipomkumbusha maneno ya Domitila, alijibu kwamba ukoo si dawa ya duka, hauishi muda wake. Posa ikakataliwa mara ya pili. Kabula aliniuliza, kwa adabu, kama kati ya ugeni na undugu kulikuwa na siku hata moja ambayo Tluway angeweza kuwa mume. Kijana amepata uhamisho, anaondoka mwezi ujao, naye amesema hataposa mara ya tatu.

Ndipo nilipokwenda kwa shangazi Nyanjige. Alicheka mpaka akakohoa, akasema nimesoma vitabu vingi lakini sijawahi kumuuliza yeye kitu. Kisha akanieleza kwamba babu yetu Nkinda hakuwa mwana wa Bujiku. Alikuwa mjukuu wake. Binti wa Bujiku alimzaa na mwanamume aliyeshuka kutoka milimani wakati wa njaa, akarudi kwao bila kutoa ng'ombe hata mmoja. Mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa baba wa mama yake. Kwa hiyo Bujiku alimlea na kumwita mwanawe.

Unaona maana yake. Ng'ombe wa Mbulu hawakuja, hivyo sisi si wa ukoo wao, na Kabula anaweza kuolewa. Mayunga hawezi kupinga, kwa kuwa kwa desturi hiyohiyo aliwabakiza nyumbani kwake wajukuu wake wa binti asiyetolewa ng'ombe. Lakini likisemwa hadharani, sisi tunakuwa tawi la binti, na ukuu hushikwa na tawi la mwana, ambalo ni la Mayunga. Ukuu wa ukoo utakwenda kwa Mayunga na wanawe, na mwanao Mayige, uliyemwandaa kunirithi, hataupata.

Shangazi yuko tayari kusema mbele ya wazee nikimwita. Sitamwita kabla sijapata neno lako, kwa kuwa jambo hili ni lako pia, lakini usikawie.

Jana Mayunga alipita hapa. Kwa mzaha wake wa kawaida alikalia kiti changu, akauliza kama kinamfaa. Nilimwambia aegemee vizuri.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, na shemeji apokee heshima zangu. Nikishaamua nitakuandikia wewe kwanza, kabla sijamwambia Kabula.

Kaka yako,
Jeremia Bundala