Bado Unayapasha

Kaka Shabani, mkubwa wangu wa umri tu, maana kwa sura nilikupita kitambo,

Asubuhi umeniandikia neno moja: "Naingia." Sasa adhuhuri imepita, simu kimya. Hapa Kariakoo mteja ananiuliza bei ya koti, namtajia ya suruali.

Unaikumbuka siku balo letu la mitumba lilipotoa zile suti mbili za mpira, za wapiga mbizi? Nilikwambia chukua kubwa, ujiachie. Ukanicheka.

"Wewe shule uliishia getini. Hii haizuii maji, dogo. Yanaingia kidogo, mwili unayapasha, yanakaa humohumo kama blanketi. Ikipwaya, yanatoka na joto lako, yanaingia mengine ya baridi."

Nikabisha, si unanijua. Tukajaza pipa maji na mabonge ya barafu, pale uani Magomeni. Kwenye ile kubwa ulitetemeka mpaka mama akasema, "Mtoeni, ataniharibikia." Ile ndogo ilibidi tukuvishe kwa kuivuta, mifuko ya plastiki miguuni ili iteleze. Mama akageuza uso: "Nguo gani inambana mtu hivi, hata haya hamna."

Ukazama, macho yakakutoka kama samaki wa soko la Feri.

"Haya bingwa, toka," nikakutania.

Ukatikisa kichwa. Kisha mabega yako yakashuka, ukasema polepole, "Sasa maji yamekuwa yangu."

Bandarini kwetu ulikuwa unapiga mbizi kukwangua matumbo ya meli ukiwa umevaa bukta tu. Huko Cape Town ulikofuata kazi hiyohiyo, bahari ni baridi kama lile pipa letu, na leo ndiyo majaribio: ukitoka kabla hawajakuita, kazi hakuna, unarudi.

Kinachonikosesha raha ni kwapani mwa ile suti ndogo, pale mshono ulipoachia. Mimi fundi nilitaka kushona, ukaninyang'anya sindano: "Kila tundu ni mlango wa baridi." Mziba pancha wa Buguruni akabandika kiraka kwa gundi. Nimewatambia watu mtaa mzima kwamba kile kiraka kitadumu mpaka kikuzike. Sasa naomba kisinisikie vibaya.

Muuza maji kapita na ndoo yake ya barafu. Nimetumbukiza mkono nijaribu kuwa wewe.

"Oya, toa mkono wako mchafu."

Nilikuwa nimeshautoa. Baridi ilifika mfupani.

Mama naye amepiga, anauliza kama umetoka. Nimemwambia bado unayapasha.

Usitoke, kaka. Yapashe kwanza.

Mdogo wako,
fundi uliyemnyang'anya sindano