Maji ya Huku Hayaingiwi

Dada Kabula, shikamoo.

Tulivuka salama kutoka Nkome hadi huku kisiwani, na shule imempa Baba Masanja nyumba nzuri ya bati. Ila mimi ziwa hili linanitisha.

Juzi nilikwenda kuchota maji. Nikafanya kama tufanyavyo lamboni kwetu Tinde: nikavua kandambili, nikapandisha kitenge, nikaingia hadi magotini ili niyapite ya tope. Mara jirani yangu, Mama Bugumba, akanivuta kwa nyuma, nikaanguka chali mchangani, debe langu likabaki linaelea.

"Nani amekufundisha kuingia?" alinifokea. "Huku maji tunachota tukiwa nchi kavu!" Akanionyesha kibuyu chake, kimefungwa kwenye ncha ya ufito mrefu. Kabla hajamaliza kunifokea, lile debe likagongwa kutoka chini, likapinduka, likazama. Mamba mwenyewe hatukumwona, Dada. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Sato ni wengi huku, watamu ajabu, lakini kila nikimega nawaza na yeye alikula nini. Mvua ikianza natoa sufuria zote nje zikinge maji, majirani wanacheka. Masanja anapenda kucheza ufukweni, basi nimemfunga kamba kiunoni kama ndama. Wacheke tu.

Msalimie mama, usimwambie habari ya debe. Na kesho ukienda lamboni, ingia mpaka magotini, usimame humo kidogo kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Nyamizi